Petronella: umbo lililohama dansi yake

Ukiingia kwenye ukumbi wa dansi ya kontra huko Marekani Jumamosi usiku na ukatulia kwenye kiti cha pembeni, haitapita muda mrefu kabla hujasikia makofi mawili, pa-pa, yakipigwa na ukumbi mzima kwa pamoja huku fidla ikiendelea na kazi yake. Wanaopiga makofi hayo wanacheza umbo liitwalo petronella. Lakini muulize mmoja wao kama amewahi kuicheza dansi yenyewe inayoitwa Petronella, na wengi watakujibu kwamba hawajawahi. Umbo limesambaa kila mahali, na dansi iliyolizaa imebaki kwa wachache wanaopenda mambo ya kale.

Nataka kulifuatilia umbo hilo kutoka Scotland hadi kwenye tungo za leo, kwa sababu njia yake inafungua jambo ambalo historia nyingi za dansi huliruka. Husemwa kwamba maumbo ya jadi yamefika kwetu kwa sababu yalihifadhiwa. Hili halikuhifadhiwa. Liliharibiwa na wachezaji, na uharibifu huo ndio uliolipa maisha.

Kwanza kontra ni nini. Ni dansi ya safu mbili ndefu. Watu husimama wawili wawili wakitazamana, safu moja upande huu na nyingine upande ule, kuanzia jukwaa la wanamuziki hadi mwisho wa ukumbi. Jozi mbili zinazofuatana huunda kikundi cha watu wanne: iliyo karibu na jukwaa ni jozi namba moja, inayofuata ni namba mbili. Wanne hao hucheza mfuatano wa maumbo kwa mapigo 64, ambao ndio urefu wa wimbo mmoja: sehemu ya kwanza ya mapigo 16 hupigwa mara mbili, kisha sehemu ya pili nayo mara mbili. Mapigo 64 yakiisha, namba moja wanakuwa wamesogea nafasi moja kwenda chini, yaani mbali na jukwaa, na namba mbili nafasi moja kwenda juu, na kila jozi inajikuta mbele ya jozi mpya. Wimbo unaanza upya, mfuatano ni uleule, nyuso ni nyingine. Inaendelea hivyo kwa dakika kadhaa, hadi umecheza na karibu safu nzima. Jukwaani husimama mwitaji, ambaye kazi yake ni kutaja kila umbo muda mfupi kabla halijaanza. Akiona watu wameshika, hunyamaza na kuuachia muziki.

Ninaposema umbo namaanisha kipande cha mwendo kinachojitegemea, chenye mwanzo, mwisho na idadi yake ya mapigo. Mtunzi wa kontra ni nadra kubuni mwendo mpya kabisa. Anachofanya ni kupanga maumbo yanayojulikana ili moja limwachie mchezaji mahali ambapo jingine linaanzia, na ifikapo pigo la 64 kila mtu awe pale anapotakiwa. Kwa hiyo kuchunguza historia ya kontra ni kuchunguza maumbo: lipi lilitoka wapi, lilikuwa likichezwa na nani, na lilipohamishiwa dansi nyingine lilibadilika nini.

Sasa petronella yenyewe, jinsi inavyochezwa leo. Watu wanne wameshikana mikono kwenye duara. Kwa mapigo manne wote wanasogea ndani kidogo, kisha wanarudi nyuma. Hiyo ni balansi. Mikono inaachiana. Kwa mapigo manne yanayofuata kila mmoja anahamia mahali pa aliyekuwa kuliani kwake, na njiani anajizungusha peke yake kufuata mwendo wa mshale wa saa. Kabla mikono haijashikana tena, makofi mawili. Jumla mapigo manane.

Kuna ujanja kidogo humo. Duara zima linasogea kinyume cha saa, kwa kuwa kila mtu anakwenda kulia kwake hali ametazama katikati. Miili, kwa upande wake, inazunguka kufuata saa. Mtu anayehama pembe moja ya mraba kwenda pembe ya jirani, na anayetaka kuishia akiwa ametazama katikati tena, angeweza kugeuka robo tu kushoto na mambo yakaisha. Petronella inamlazimisha kugeuka robo tatu kulia. Ni njia ndefu kwa makusudi, na utamu wote umo ndani ya njia hiyo: nusu sekunde ambapo umewapa wenzako watatu mgongo, hushikwi na mtu, halafu unatua na kuwakuta wote wamekugeukia.

Dansi iliyolipa umbo hili jina ni ya Scotland, ya mapema karne ya 19. Kwa kawaida huhusishwa na Nathaniel Gow, mwanamuziki na mchapishaji wa muziki wa Edinburgh, mtoto wa mpiga fidla maarufu Niel Gow, na mwaka unaotajwa ni karibu na 1820. Wakati huo dansi za safu mbili, ambazo John Playford alikuwa amezichapisha London tangu 1651, zilikuwa zimekwisha kuwa mali ya Scotland pia, zikichezwa kwa hatua za Kiskoti na nyimbo za Kiskoti.

Katika Petronella ya Scotland wanaocheza umbo ni watu wawili tu, mwanamume na mwanamke wa jozi ya kwanza. Wengine wamesimama wakiangalia. Wawili hao wanaanza wakitazamana kutoka safu hadi safu. Kila mmoja anajizungusha kwa mshazari kwenda kulia hadi wanafika katikati, mmoja upande wa juu na mwingine upande wa chini, na hapo wanatazamana na kupiga hatua za kusalimiana papo hapo. Wanazunguka tena, na sasa kila mmoja yuko kwenye safu ya mwenzake. Wanasalimiana. Wanarudi katikati kwa mara ya tatu, wakiwa wamebadilishana juu na chini, halafu mara ya nne inawarudisha nyumbani. Ukichora njia yao sakafuni utapata almasi: pembe mbili kwenye safu, pembe mbili katikati. Mapigo manane kwa kila pembe, mara nne, yanakuwa 32, nusu ya wimbo mzima. Baada ya hapo wanashikana mikono na kushuka katikati ya safu, wanarudi, na mwisho jozi ya kwanza na ya pili huzungukana zikiwa zimeshikana mikono hadi zinabadilishana nafasi.

Chama cha dansi za Scotland kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1923 kiliiweka Petronella kwenye kitabu chake cha kwanza kabisa. Kwa hiyo upande huo wa bahari dansi ilitulia. Kuna maelezo rasmi, kuna walimu wenye vyeti, na mtoto anayejifunza leo anafundishwa mambo yaleyale: kwanza kuzunguka, kisha hatua za kusalimiana, na jozi moja kwa wakati.

Upande wa pili wa bahari hakukuwa na chama. Dansi za safu mbili zilifika New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwa mikono ya walimu wa dansi na vijitabu vyao, na karne ya 19 iliposonga mbele miji mikubwa ikaziacha na kukimbilia kwadrili, waltz na polka. Zikabaki vijijini, hasa New Hampshire na Vermont, kwenye kumbi za miji midogo ambako mpiga fidla alikuwa mkulima na mwitaji naye alikuwa jirani yake. Petronella ilikuwa miongoni mwa zilizobaki. Wenyeji waliiita Pat'nella, kama wanavyoita watu kitu ambacho wamekisikia tu bila kukiona kimeandikwa.

Wakati huo mabadiliko ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuingia. Mpangilio uligeuka: New England wanaanza na balansi, ndipo wanazunguka. Mtu anayesoma juu juu anaweza kudhani ni jambo dogo. Jaribu kuvicheza vyote viwili. Ukianza kwa kuzunguka, hatua za kusalimiana zinakuwa mapumziko, mahali pa kuonyesha miguu yako baada ya kufika. Ukianza na balansi, mwili unajikusanya kwa mapigo manne kisha unajirusha. Nguvu imehama kutoka miguuni kwenda kwenye mzunguko. Kule Scotland miguu ilihitaji mafunzo, wakati huku kijana aliyetoka shambani jioni hiyohiyo angeweza kuicheza akiwa na viatu vya kazi. Na mwisho wa dansi nao ulirahisishwa. Badala ya jozi kuzungukana, zilivuka na kurudi kwa umbo la kawaida ambalo kila mtu alilijua kutoka dansi nyingine kumi.

Jambo moja lilibaki vilevile kwa zaidi ya miaka mia: jozi namba moja ndiyo iliyocheza umbo. Huo haukuwa mpango wa Petronella peke yake. Dansi nyingi za zamani zilijengwa hivyo, namba moja wakifanya kazi na namba mbili wakisimama, wakisubiri zamu yao itakapofika juu ya safu. Kusubiri kulikuwa sehemu ya starehe. Ulizungumza na jirani, uliangalia wazuri wanavyocheza, ulipumua. Ralph Page, mwitaji wa New Hampshire aliyeishi kuanzia 1903 hadi 1985 na kuchapisha jarida lake la dansi kuanzia 1949 hadi 1984, alizijua dansi hizo kwa moyo na kuzifundisha hivyohivyo.

Kisha wakaja vijana.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wimbi la watu waliochoshwa na mijini lilihamia vijiji vya New England, na wengi wao walijikuta kwenye kumbi ambako Dudley Laufman alikuwa akiita. Laufman, aliyezaliwa 1930 na ambaye mwaka 2009 serikali ya Marekani ilimpa heshima ya juu kabisa inayotolewa kwa wasanii wa jadi, alikuwa na bendi ambayo mtu yeyote angeweza kupanda jukwaani na kujiunga nayo. Kumbi zikafurika. Vijana hawa hawakuwa na subira ya kusimama mapigo 32 wakimtazama mtu mwingine akifurahi. Namba moja walipoanza kuzunguka, namba mbili nao wakajitosa. Walizunguka kwenye nafasi zilizoachwa wazi, almasi ya watu wawili ikawa duara la watu wanne, pembe za katikati zikafutika na kubaki pembe za mraba. Makofi yakaja juu yake. Hakuna mtunzi aliyekaa akaandika mabadiliko haya. Yalitokea sakafuni, yakasafiri kutoka ukumbi hadi ukumbi kwa miguu ya watu, na ndani ya miaka michache mgeni aliyefika alifundishwa kwamba Petronella ni dansi ya watu wanne, kana kwamba imekuwa hivyo tangu enzi.

Wazee hawakufurahi wote, na mimi siwalaumu. Dansi iliyokuwa onyesho la watu wawili iligeuka kuwa vurugu ya kila mtu. Mwanamke na mwanamume wa jozi ya kwanza walipoteza lile eneo la katikati lililokuwa lao peke yao, na wakapoteza macho ya safu nzima. Baadhi ya wanamuziki mpaka leo wanalalamika kwamba makofi yanafunika wimbo, tena hayako sawa na pigo. Hata hivyo, ukipima kwa kile kilichofuata, hao wachezaji wakorofi ndio waliofanya kazi kubwa kuliko wote.

Ili kuona kwa nini, chukua vikombe vinne uvipange mezani kama pembe za mraba. Upande wa mbali na wewe ndio jukwaa. Weka kikombe A mbali kushoto na B mbali kulia. Hao ni jozi namba moja. Weka C karibu kushoto na D karibu kulia. Hao ni namba mbili. Sasa sogeza kila kikombe pembe moja kinyume cha saa, kama petronella inavyofanya. B amekuja mbali kushoto, A yuko karibu kushoto. Yaani A na B, waliokuwa wakitazamana kutoka safu hadi safu, sasa wako bega kwa bega upande mmoja. C na D vivyo hivyo upande wa pili. Kwa mapigo manane tu kila mtu ameletwa ubavuni mwa mwenzi wake, mahali hasa panapofaa kushikana na kuzungushana, wawili wakizunguka pamoja papo hapo.

Sogeza mara ya pili. A na B wako karibu nawe, C na D wako mbali. Jozi zimebadilishana mahali: namba moja wameshuka, namba mbili wamepanda. Kile ambacho dansi nzima ya mapigo 64 inatakiwa ikamilishe, petronella mbili zimekikamilisha kwa mapigo 16, isipokuwa kwamba A na B wamebadilishana kushoto na kulia, na hilo litahitaji kurekebishwa. Mara ya tatu inawapeleka wenzi upande wa pili, mara ya nne inawarudisha nyumbani.

Hesabu hii yote haikuwepo wakati umbo lilipochezwa na watu wawili. Namba moja pekee walipokuwa wakizunguka, kusimama baada ya robo ya kwanza kungewaacha katikati ya njia bila pa kwenda; umbo lilikuwa kitu kimoja cha pembe nne na lilipaswa kumalizwa. Namba mbili walipojiunga, kila robo ikawa kipande kamili. Umbo lilikatika vipande vinne vinavyojitegemea, na mtunzi angeweza kuchukua kimoja na kukiweka popote alipotaka.

Watunzi walikuwa wanangoja kitu kama hicho. Tangu miaka ya 1950 na 1960 Herbie Gaudreau wa Massachusetts alikuwa akitunga dansi ambamo jozi zote hushughulika kwa pamoja. Ted Sannella, mwitaji wa eneo la Boston aliyefariki 1995, naye aliendelea na njia hiyo, na katika eneo hilohilo Larry Jennings alihubiri kwa miaka mingi kwamba mchezaji hapaswi kukaa bure. Ilipofika miaka ya 1980 hilo lilikuwa limekuwa sheria isiyoandikwa. Dansi mpya ilitarajiwa kumpa kila mtu kazi mfululizo, na karibu kila dansi ilitarajiwa kuwa na wasaa wa kuzungushana na mwenzi wako. Ona kinaya kilichopo: Petronella ya asili haina kuzungushana hata kidogo. Kwa vipimo vya miaka ya 1980 dansi yenyewe ilikuwa na kasoro, lakini umbo lake lilikuwa dawa. Basi dansi ikawekwa kando na umbo likachukuliwa.

Mfano wa jinsi linavyotumika ni ule mwisho wa dansi ambao mtu anayecheza kontra leo atakutana nao mara nyingi. Umemaliza kuzungushana na mwenzi wako na mmesimama upande mmoja wa safu, mmewatazama wale wengine wawili. Yamebaki mapigo 16. Wanne wanashikana duara: balansi, petronella, mapigo manane yamekwisha. Rudi kwenye vikombe vyako na utaona kilichotokea. A na B walikuwa upande wa kushoto, sasa wako karibu nawe, migongo yao imeelekea jozi inayofuata. Balansi tena kwa mapigo manne, lakini safari hii hawazunguki. Kila mtu na mwenzi wake wanainua mikono waliyoshikana, mmoja anapita chini yake, wanabadilishana kushoto na kulia na kujikuta wamegeukia nje. Wacheza kontra wameuita mwendo huo kwa jina la jimbo la California. Ile kasoro ya pande iliyoachwa na petronella imerekebishwa, na mbele yenu imesimama jozi mpya, muziki unaanza upya.

Angalia tena ile balansi ya pili. Imekuja bila mzunguko wake. Mara tu petronella ilipokatwa vipande, nusu yake ya kwanza nayo ilianza kuishi peke yake, na leo kuna balansi za duara zinazofuatwa na kupita katikati, na California, na karibu kila kitu. Mchezaji mgeni anaposhikana mikono na kufanya balansi hajui kinachokuja. Mwitaji mzuri analijua hilo na hulitaja neno lake pale hasa linapohitajika, wala si mapema.

Watunzi wengine wameligeuza umbo kichwa chini, wachezaji wakaenda kushoto badala ya kulia. Kimahesabu ni sawasawa. Kimwili ni shida tupu, kwa sababu ukumbi mzima umezoea kulia na kila mara patakuwa na watu wawili wanaokutana uso kwa uso pembeni wakicheka. Nadhani nusu ya watunzi wanaofanya hivyo wanafanya kwa ajili ya hicho kicheko.

Hapa ndipo panahitaji uangalifu kwa anayetaka kulifuatilia umbo nyuma zaidi ya Gow. Dansi za Playford zimejaa kitu kinachofanana nalo: mchezaji anapiga hatua ndogo kulia na kushoto, kisha anajizungusha peke yake kwa mapigo manne. Mapigo manane kwa jumla, hatua ya papo hapo ikifuatwa na mzunguko wa mtu mmoja. Kishawishi cha kusema hiyo ndiyo babu yake ni kikubwa, na nimeona watu wakisema hivyo bila wasiwasi. Lakini mzunguko wa Playford unamrudisha mtu palepale alipokuwa amesimama. Haumpeleki popote. Na kiini cha petronella, tangu Scotland hadi leo, ni kuhama kwenda pembe ya kulia wakati unazunguka. Isitoshe, kufanana huko kunaonekana kwa nguvu tu ukitazama petronella ya New England, inayoanza na balansi. Ile ya Scotland, ambayo ndiyo ya zamani zaidi, inaanza na mzunguko. Mtu anayeunganisha Playford na kontra ya leo moja kwa moja ameruka kizazi cha katikati, na kizazi hicho kinampinga.

Ndiyo maana mimi, nikipewa karatasi ya dansi isiyo na jina la mtunzi wala mwaka, siangalii kwanza kama petronella imo. Naangalia ni nani anayezunguka, na mara ngapi. Ikiwa ni jozi moja, mara nne mfululizo, na hakuna kuzungushana na mwenzi, hii ni ya zamani au mtu ameiga ya zamani kwa makusudi. Ikiwa ni wanne, mara nne, kisha kushuka katikati, hiyo ni Petronella yenyewe baada ya vijana kuivamia. Ikiwa ni wanne, mara moja au mbili, mwishoni, kabla tu ya kukutana na jozi mpya, basi ni tungo ya kizazi cha karibuni. Mara chache kipimo hiki hukosea, na kikikosea huwa ni kwa sababu mtunzi wa leo ameamua kurudi nyuma na kuwapa namba moja onyesho lao.

Njia hiihii imepitiwa na umbo jingine, la dansi iitwayo Rory O'More, ambamo jozi za kwanza zilikuwa zikijipanga mstari mmoja katikati, zinafanya balansi, halafu kila mtu anateleza kulia na kumpita mwenzake. Nalo lilitolewa kwenye dansi yake, likapewa watu wote, likaongezewa mzunguko. Leo mwitaji husema tu "Rory O'More" na watu wanajua la kufanya, ingawa dansi hawajaiona.

Petronella ina bahati moja ambayo maumbo mengine hayakuipata. Kuanzia miaka ya 2010 jumuiya nyingi za kontra ziliacha kuwaita wachezaji wanaume na wanawake, zikachukua majina ya ndege, kwanza Larks na Ravens, baadaye Larks na Robins, na maumbo kadhaa yakalazimika kuelezwa upya kwa sababu maelekezo yake yalimtaja mwanamume afanye hivi na mwanamke afanye vile. Petronella haikuguswa. Wote wanne wanafanya jambo moja, kwa upande mmoja, kwa wakati mmoja. Usawa huo haukutoka Edinburgh, ambako dansi ilikuwa ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ulitoka kwa wale namba mbili wa New Hampshire waliochoka kusimama.

Dansi ya zamani bado haijafa kabisa. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha New Hampshire, mjini Durham, kilikuwa na mkutano wa mwisho wa wiki kila Januari kwa jina la Ralph Page, na mahali kama hapo unaweza kuikuta Petronella nzima kuanzia pigo la kwanza hadi la 64. Waitaji wengine huwaomba namba mbili wasimame ili watu waonje ilivyokuwa. Wengine huwaachia, kwa hoja kwamba toleo la vijana nalo limekwisha kuwa jadi, lina zaidi ya miaka 50, na waliolivamia wakati ule sasa ni wazee wenye mvi.

Wimbo wenyewe, ule uliochezwa na fidla tangu enzi za Gow, umepata hatima tofauti. Zamani dansi na wimbo vilikuwa kitu kimoja. Ukisikia Petronella ikipigwa ulijua miguu inakwenda wapi. Katika kontra ya leo bendi yenyewe ndiyo huchagua nyimbo, na kwa tungo yenye petronella kinachotafutwa ni wimbo wenye mshindo kwenye pigo la kwanza la balansi, ili watu wasogee ndani wakiwa na kitu cha kukanyagia. Zipo mamia zinazofaa. Petronella ni mojawapo, nayo inafaa sana, ila bendi zinazoichagua ni chache.